Chupa au Kegi? Mwongozo Kamili wa Kuhifadhi Bia ya Nyumbani Katika Joto la Dar

Bia imeiva kwenye ndoo, hamira imezama chini, na sasa inabidi uihamishe. Hapo ndipo wengi wanaojitengenezea bia hapa mjini hukwama, kwa sababu maelekezo mengi wanayoyasoma yameandikwa na watu wa Uingereza na Marekani, ambako chumba cha kawaida kina nyuzi 18 au 20. Stoo ya Tabata mwezi wa Februari hucheza kwenye nyuzi 30 mchana, na usiku haishuki sana chini ya 25. Kwa joto hilo, kiasi cha sukari hubadilika, muda wa bia kukaa hubadilika, hata namna ya kusoma geji ya mtungi wa gesi hubadilika.

Niseme msimamo wangu mapema ili usisome mpaka mwisho ukitafuta jibu. Kwa Dar, chupa au kegi (chombo kikubwa cha chuma ambacho bia hutoka kwa kusukumwa na gesi) ni suala la friji. Kama una friji au friza ambayo ni ya bia peke yake, kegi itakupunguzia kazi na bia itatoka nzuri zaidi. Kama friji ni ile ile ya familia, yenye maji ya kunywa, mboga za jana na samaki wa kesho, anza na chupa wala usione umebaki nyuma. Kegi isiyo na baridi haina kazi.

Baridi ina nini hasa

Gesi inayoifanya bia iwe na msisimko ni kaboni dioksaidi, na gesi hii hukaa ndani ya kimiminika kirahisi kikiwa cha baridi. Watengenezaji huipima kwa ujazo: ujazo mmoja ni lita moja ya gesi ndani ya lita moja ya bia. Bia nyingi za kawaida zina ujazo wa 2.4 au 2.5. Kwa nyuzi 4, gesi hiyo hutulia kwa presha ya kama psi 12 (psi ni kile kipimo cha upepo wa tairi). Ipeleke bia hiyo hiyo kwenye nyuzi 30, presha hupanda mpaka karibu psi 40, zaidi ya upepo unaojaza kwenye tairi la gari dogo.

Chupa nzuri ya bia huvumilia presha hiyo bila shida. Inaweza kukaa chini ya kitanda imefungwa, ina joto, na ikanyamaza kimya. Ukiwa na wageni jioni, unaweka chupa sita kwenye friji tangu jana yake, nyingine zinaendelea kusubiri. Kegi haikupi nafasi hiyo. Bia ya kwenye kegi hupita kwenye mpira na bomba ikielekea kwenye glasi, na ikiwa na joto gesi yote hukimbia njiani. Utapata glasi iliyojaa povu, na ukisubiri litulie utabaki na robo glasi ya bia iliyolala. Kwa hiyo kegi nzima, lita zote 19, lazima ipoe kabla ya glasi ya kwanza na ibaki baridi mpaka ya mwisho.

Kuna wanaoshauri kuifunika kegi kwa gunia lililoloweshwa. Njia hiyo inafanya kazi Dodoma, kwenye hewa kavu. Dar hewa imeshajaa unyevu, maji ya kwenye gunia hayakauki kwa kasi, na baridi haiji.

Umeme kukatika kunaogopwa kuliko inavyostahili. Lita 19 za bia baridi ndani ya friza iliyofungwa hupata joto polepole, na saa chache bila umeme hazibadilishi kitu usipofungua mfuniko kila dakika. Ukikatika siku nzima, bia haitaharibika, ila utalazimika kungoja ipoe tena kabla ya kumimina. Gharama ya kweli ni uniti za LUKU kila mwezi, kwa sababu friza hiyo haizimwi. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua kegi, maana kegi unainunua mara moja, umeme unaununua maisha.

Jambo la mwisho kuhusu joto linazihusu pande zote mbili. Bia huzeeka kwa sababu ya oksijeni iliyoingia wakati wa kuhamisha, na joto huharakisha kuzeeka huko. Kanuni ya jumla ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi huwa mara mbili au zaidi. Bia ambayo ingekaa miezi mitatu kwenye friji ikiwa na ladha yake inaweza kuanza kuonja kama boksi lililolowa baada ya wiki chache tu stoo. Bia zenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, huumia kwanza. Kwa hiyo chupa za stoo zisiwe akiba ya mwakani. Tengeneza kidogo, kunywa, tengeneza tena.

Kabla ya yote: hakikisha imemaliza kuchacha

Hatua hii haina njia ya mkato. Chukua haidromita, kile kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, pima, andika. Pima tena kesho na keshokutwa. Namba ikiwa ile ile siku zote tatu, na iko karibu na pale ulipotarajia, bia imemaliza. Joto letu hufanya hamira ikimbie na siku ya nne povu likakatika, mtu akadhani kazi imekwisha. Povu si kipimo.

Kwa nini niwe mkali? Kila pointi moja ya haidromita, yaani 0.001, inayobaki kuchacha huongeza karibu nusu ya ujazo wa gesi. Ukifunga chupa ikiwa bado pointi nne, umeongeza ujazo mbili juu ya ile uliyoipanga. Chupa inakuwa bomu, na vipande vya kioo havichagui pa kwenda. Ndiyo maana pia mbege, komoni na ulanzi havifungwi kwenye chupa za kizibo: ni pombe zinazonywewa zikiwa bado zinachacha, na watu wa Kilimanjaro na Iringa wanajua kuziacha zipumue.

Njia ya chupa

Chupa bora unazo tayari mtaani: zile za kahawia za nusu lita zinazorudishwa baa. Ni nzito, zimetengenezwa zijazwe na kuoshwa mara nyingi, na zinachukua kizibo cha kawaida cha milimita 26. Lipa dhamana yake kama mtu mwingine yeyote, usizichukue kimyakimya kwenye kreti la mtu. Rangi ya kahawia ina sababu. Mwanga wa jua na wa taa fulani huvunja kemikali za hopsi na kuzaa harufu kali ya kinyama, na kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Kioo cha kijani huzuia kidogo, cheupe hakizuii kitu. Kama una chupa za kijani tu, ziweke ndani ya boksi lililofungwa.

Usitumie chupa za Konyagi, za mvinyo wa kawaida au za juisi. Hazikutengenezwa kwa presha. Chupa za bia za kutupa, zile nyepesi, pia naziacha, hasa zenye mdomo wa kuzungusha kwa mkono, kwa sababu kizibo cha kubana hakikai vizuri juu yake.

Chupa za plastiki za soda zinastahili heshima zaidi kidogo kuliko zinavyopewa. Zinavumilia presha, hazipasuki vipande, na zinakuambia hali ya gesi ukizibonyeza. Ubaya wake ni kwamba hupitisha oksijeni kidogo kidogo, kwa hiyo bia yake inywewe ndani ya wiki chache. Chupa za maji ya kunywa ni kitu kingine kabisa, ni laini mno, usizijaribu.

Utahitaji vizibo vipya, mashine ya kufungia vizibo (ile ya mikono miwili inatosha kuanzia), mpira wa kunyonyea wa daraja la chakula, na mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kuhusu mpira: Kariakoo kuna mipira myeupe ya kila aina, mingine ni ya mafuta au ya maji ya bustani na inanuka plastiki. Nusa kabla ya kulipa. Ukiisikia harufu dukani, utaisikia kwenye bia.

Hatua ya 1: osha. Bia ya lita 20 haizidi chupa 40, kwa sababu utaacha kidogo na mashapo chini ya ndoo. Loweka chupa kwenye maji ya moto yenye magadi ya kufulia, piga brashi ndefu, suuza, kisha ziangalie moja moja kwenye mwanga. Chupa zilizolala nyuma ya baa huwa na mende, vichungi vya sigara na ukungu uliokauka chini. Isiyotakata kwa brashi itupe. Pitisha kucha kwenye mdomo wa kila chupa, na ukigusa mkwaruzo au pengo hiyo nayo iende.

Hatua ya 2: ua vijidudu. Usafi wa macho hautoshi. Kama umeagiza dawa ya asidi isiyohitaji kusuuzwa, kama Star San, fuata kipimo cha kwenye kopo. Kama huna, tumia JIK ya kawaida isiyo na manukato: mililita 15 kwa lita 4 za maji baridi, chupa zikae humo dakika 20, kisha suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Usisuuze kwa maji ya bomba moja kwa moja, wala ya kisima. Na JIK isikutane hata siku moja na siki au asidi nyingine, hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Vizibo vichovye kwenye dawa muda huo huo.

Hatua ya 3: sukari. Hamira iliyobaki huila sukari hii ndani ya chupa iliyofungwa na kuzaa gesi. Hapa ndipo vitabu vya nchi za baridi hupotosha. Bia iliyochachia kwenye nyuzi 28 mpaka 30 imeshapoteza gesi nyingi hewani, imebaki na ujazo kama 0.7. Iliyochachia kwenye nyuzi 20 hubaki na karibu 0.9. Kila gramu 4 za sukari ya mezani kwa lita huzalisha takriban ujazo mmoja. Kwa hiyo ukilenga 2.4 hapa kwetu, weka gramu 6.5 kwa lita, ambazo kwa lita 20 ni gramu 130. Ukipenda bia tulivu zaidi, gramu 5 kwa lita. Kwa bia ya ngano yenye msisimko mkali unaweza kufika 8, kwenye chupa nzito tu. Kama uliipoza bia kwenye friji baada ya kuchacha ili mashapo yazame, hesabu bado ni ya lile joto la juu ilikopita. Gesi iliyotoka haikurudi kwa kupoa.

Chemsha sukari hiyo na glasi moja ya maji kwa dakika tano, ipoe, mimina kwenye ndoo safi ya pili, kisha nyonya bia juu yake kwa mpira unaofika chini. Bia isirukeruke wala kumwagika kwa juu, kwa sababu kila kishindo huingiza hewa. Koroga taratibu kwa mwiko uliouliwa vijidudu. Wapo wanaoweka sukari kwenye kila chupa kwa kijiko. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba kama gramu 4, yaani gramu 8 kwa lita kwenye chupa ya nusu lita, na hakuna vijiko viwili vinavyolingana. Mimi siishauri.

Hatua ya 4: jaza na funga. Mpira ufike chini ya chupa, jaza ukiacha nafasi ya vidole viwili juu. Weka kizibo juu ya kila chupa mara inapojaa, kisha rudi kufunga zote. Kizibo kilichofunga vizuri hakizunguki ukikishika kwa vidole. Bia ya chupa moja jaza kwenye chupa ya plastiki ya soda. Hiyo ndiyo geji yako.

Hatua ya 5: subiri. Kwa joto la Dar siku saba mara nyingi zinatosha, wiki mbili ni uhakika. Panga chupa zikiwa zimesimama, ndani ya kreti au boksi lenye mfuniko, sakafuni, mbali na dirisha na mbali na wanapolala watoto. Bonyeza ile ya plastiki kila siku mbili. Ikiwa ngumu kama soda mpya ya dukani, weka chupa moja ya kioo kwenye friji siku nzima na uonje. Kama ya plastiki imekuwa ngumu kama jiwe siku ya tatu, hamishia zote kwenye baridi haraka, vaa miwani na glavu, zifungue moja moja kwa taulo juu, gesi itoke, kisha zifunge upya.

Anayeishi karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, afute vizibo na kuviweka pakavu. Chumvi ya hewani hula bati, na kutu ikipita ukingo wa kizibo gesi hutoroka.

Wakati wa kumimina, inamisha chupa mara moja tu mpaka mashapo yakaribie shingo, kisha simama. Mgeni asiyejua mwambie, la sivyo atatikisa chupa kama ya juisi.

Njia ya kegi

Kegi inayotumiwa na watengenezaji wa nyumbani duniani kote ni ile ndefu ya chuma kisichoshika kutu, ya lita 19, iliyobuniwa kwa ajili ya viwanda vya soda na kuuzwa mitumba pale viwanda hivyo vilipohamia sharubati ya kwenye mifuko. Ina mfuniko mkubwa unaoingiza mkono wote, na hiyo ndiyo faida yake: unaona unachoosha. Ina urefu wa karibu sentimita 63 na upana wa 22, kwa hiyo pima friza yako kwanza, ukikumbuka nafasi ya viunganishi juu. Kegi kubwa za viwanda, lita 30 na 50, zina kichwa kingine kinachohitaji kifaa chake, ni ngumu kuzifungua bila ufundi, na ya lita 50 ikijaa inapita kilo 60. Tena huwa ni mali ya kiwanda. Achana nazo.

Mbali na kegi unahitaji mtungi wa kaboni dioksaidi, reguleta yake (kifaa cha kupunguza presha inayotoka), mpira wa gesi, mpira wa bia, viunganishi viwili na bomba la kumiminia. Vitu hivi vingi huagizwa nje, na kwa kweli hapa ndipo pesa inapokwenda. Reguleta ya gesi ya kupikia haifai kabisa: mtungi wa kaboni dioksaidi una presha ya mara nyingi zaidi. Mitungi ya kuzimia moto nayo usiiguse, kwa sababu ndani ina mrija unaotoa gesi ikiwa kimiminika, na hicho kikiingia kwenye reguleta ni hatari.

Gesi yenyewe nchini ipo. Tanzania ina kaboni dioksaidi ya asili inayotoka ardhini Rungwe, mkoani Mbeya, kwenye nchi ya volkano, na hutumika pia kwenye vinywaji. Unapokwenda kujaza, omba ya daraja la chakula, na angalia tarehe ya kupimwa iliyogongwa kwenye shingo ya mtungi, kwa sababu wajazaji wanaojali usalama hukataa mtungi uliopitwa.

Mtungi wa kilo 5 utakuchukua mbali. Kegi moja, kuanzia kusukuma hewa, kutia gesi hadi kumimina glasi ya mwisho, hula kati ya gramu 150 na 200. Hiyo ni zaidi ya kegi 20 kwa mtungi, kama hakuna panapovuja. Panapovuja, hata pembamba kama sindano, mtungi mzima unaweza kuisha usiku mmoja.

Sasa geji. Ndani ya mtungi gesi iko kama kimiminika, na geji ya presha ya juu husoma joto la mtungi, haisomi kilichobaki. Kwa nyuzi 4 ndani ya friza itaonyesha karibu bar 39 (bar ni kipimo kingine cha presha, kikubwa kuliko psi). Utoe nje kwenye nyuzi 30 itaonyesha bar 72, gesi ni ile ile. Sindano huanza kushuka kweli pale kimiminika kinapokwisha, na hapo umebakiza kidogo sana. Pima uzito: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, toa kwenye uzito wa sasa. Na kuna jambo la Dar hasa. Kaboni dioksaidi ikipita nyuzi 31 haiwezi kubaki kimiminika tena, na presha hupanda haraka. Mtungi uliojazwa usiachwe kwenye buti la gari lililoegeshwa juani, wala nyuma ya bajaji mchana kutwa. Ukijaza, nenda nao nyumbani.

Usalama wa chumba ni hesabu rahisi. Kilo 5 zikivuja zote hutoa karibu mita za ujazo 2.8 za gesi. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari la mita 2.7 kina mita za ujazo 24. Hiyo ni zaidi ya asilimia 11, kiwango kinachoweza kumzimisha mtu na kumuua. Gesi hii haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Mtungi ukae mahali penye madirisha, usimame wima, ufungwe kwa mnyororo au kamba usianguke. Usiuweke chumba cha kulala.

Hatua ya 1: kagua raba. Kegi ya mtumba huja na harufu ya soda kwenye raba zake, na haitoki. Badilisha zote, paka mafuta ya silikoni ya daraja la chakula kwenye ile kubwa ya mfuniko.

Hatua ya 2: safisha. Hapa JIK imekatazwa. Klorini hutoboa vishimo kwenye chuma hiki hata kama hakishiki kutu. Tumia dawa ya asidi. Jaza kegi mpaka juu, funga, kisha sukuma dawa yote itoke kwa gesi kupitia bomba la bia. Kegi inabaki imejaa kaboni dioksaidi badala ya hewa, na hiyo ni faida ambayo chupa haitakupa kamwe.

Hatua ya 3: hamisha bia. Njia bora ni kuingiza bia kupitia kiunganishi cha bia huku valvu ya kupumulia ikiwa wazi, mfuniko umefungwa. Ikishindikana, fungua mfuniko na ushushe mpira mpaka chini, taratibu.

Hatua ya 4: funga na pima uvujaji. Tia psi 30 kwa muda mfupi ili mfuniko ukae, vuta valvu mara nne au tano utoe hewa iliyobaki juu. Kisha pakaa povu la sabuni kila kiungo, kuanzia shingo ya mtungi hadi kwenye kegi. Panapotoa mapovu panavuja. Fanya hivi kila unapobadilisha kegi, hata kama jana palikuwa pazima.

Hatua ya 5: tia gesi. Kama una subira, weka psi 12 kwenye nyuzi 4 na uache siku saba hadi kumi. Kama una wageni keshokutwa, weka psi 30 kwa saa 24 hadi 36 bia ikiwa baridi, toa presha ya juu, rudisha kwenye 12. Njia ya pili huzidisha gesi ukisahau. Unaweza pia kutumia sukari ndani ya kegi, nusu ya kile kipimo cha chupa, lakini gesi ya kusukumia bado utaihitaji.

Hatua ya 6: mimina. Mpira wa bia wenye tundu la milimita 5 uwe na urefu wa kama mita 3. Wengi hukata nusu mita ili upendeze, kisha wanalalamika povu. Urefu huo ndio unaopunguza kasi. Glasi ya kwanza itakuwa na mashapo, ya pili itaanza kung'aa. Bomba ulifungue lote kwa mpigo mmoja, bomba nusu wazi ni povu tupu.

Friza ya kulala hugandisha bia usipoidhibiti, kwa hiyo ongeza kidhibiti joto kinachokata umeme kikifika nyuzi 4. Kegi ikiisha, ioshe siku hiyo hiyo.

Kuchanganya njia zote mbili

Wenye kegi huishia kujaza na chupa chache kutoka kwenye bomba, kwa ajili ya kumpelekea shemeji Kibaha au rafiki Bagamoyo. Poza chupa kwenye friza kwanza, shusha presha ya kegi mpaka psi 3 au 4, chomeka kipande cha mpira kinachofika chini ya chupa, jaza polepole, funga kizibo juu ya povu lenyewe ili hewa isibaki. Bia hii haina mashapo, kwa hiyo haichafuki ikitikiswa kwenye daladala. Iweke kwenye baridi na inywewe ndani ya wiki moja au mbili.

Kwa shughuli ya nyumbani, kipaimara au kumuaga binti, kegi hushinda. Ipoze tangu jana yake, isimamishe ndani ya pipa la plastiki lenye barafu na maji. Barafu ya vipande utaipata mapema asubuhi kule Feri. Maji ni muhimu, barafu peke yake haigusi kegi pande zote. Ifikishe mapema, itulie saa mbili kabla ya glasi ya kwanza. Kwa kikao cha watu watano chupa zinatosha, na hakuna anayehitaji kubeba mtungi wa gesi kupanda ghorofa ya nne.

Kama unafikiria kuuza, kegi wala chupa hazibadilishi sheria. Kuuza vileo kunataka leseni, kiwango cha TBS na ushuru wa bidhaa wa TRA. Mwongozo huu ni wa bia ya kunywa nyumbani.

Ukiamua leo, anza hivi. Fungua friji yako na uhesabu chupa ngapi za nusu lita zinaingia bila kumkera mtu. Zikiwa sita, nunua vizibo na mashine ya mkono. Ukiwa na friza nzima tupu na unatengeneza bia kila wiki tatu au nne, agiza kegi moja, si mbili, na mtungi wa kilo 5. Chupa zako usizitupe. Bandika karatasi kwenye kila boksi: tarehe ya kufunga, gramu za sukari kwa lita, namba ya mwisho ya haidromita. Kwenye mtungi, andika kwa maka uzito wake siku ulipoujaza.